UMEME WA NJIA TATU KWA KARAKANA INAYOKUA

Katika miji midogo ya Kenya, mwenye mashine ya posho au karakana ya useremala kwa kawaida huanza kazi yake kwa umeme wa njia moja, yaani ule ule utumikao nyumbani kwa taa, redio na pasi. Umeme huo humtosha maadamu mashine ni moja, tena ndogo. Lakini kazi ikistawi na wateja wakiongezeka, hununua mashine ya pili na ya tatu, na hapo ndipo taabu huanza. Msumeno ukiwashwa, taa hufifia. Mota hunguruma bila kuzunguka. Swichi kubwa hujizima wakati wateja wamejipanga mlangoni. Wengi hudhani kuwa mashine ni mbovu, wakainunua nyingine kwa gharama kubwa. Kumbe ubovu hauko katika mashine.

TOFAUTI YAKE

Umeme wa njia moja huletwa kwa nyaya mbili: mmoja wenye nguvu, na mwingine wa kurudishia, ambao mafundi huuita nyutro. Msukumo wake katika Kenya ni volti 240. Umeme wa njia tatu, au fezi tatu, huletwa kwa nyaya tatu zenye nguvu pamoja na nyutro. Kati ya waya wowote wa hizo tatu na nyutro mna volti 240. Lakini kati ya waya mmoja wenye nguvu na mwenziwe mna volti 415. Kwa hiyo taa za karakana huendelea kutumia volti 240 kama kwanza, na mota kubwa hupata volti 415.

Tena msukumo wa umeme hauendi sawasawa kama maji ya mto, bali hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Mwanamke mmoja akitwanga peke yake, pana nafasi kati ya pigo na pigo. Watatu wakitwanga kwa zamu katika kinu kimoja, mchi mmoja ushukapo mwingine hupanda, wala kinu hakipumziki. Ndivyo zifanyavyo njia tatu. Kwa sababu hiyo mota ya njia tatu huzunguka kwa utulivu na huanza yenyewe, lakini mota ya njia moja huhitaji kusaidiwa ianze, mara nyingi kwa kifaa kiitwacho kapasita, nacho huharibika mara kwa mara.

Jambo hili si geni. Mwaka 1891, katika Ujerumani, umeme wa namna hii ulisafirishwa kutoka Lauffen hadi Frankfurt, mwendo wa kilomita 175 hivi. Hata umeme utokao katika mabwawa ya mto Tana na katika mvuke wa Olkaria husafiri kwa njia tatu. Nyumba ya kawaida hugawiwa njia moja tu kati ya hizo.

HESABU YAKE

Mota yenye nguvu za farasi 10, yaani kilowati 7.5 hivi, ikiendeshwa kwa njia moja huvuta karibu ampea 43. Ikiwa ni ya njia tatu, huvuta ampea 14 hivi katika kila waya. Tena mota nyingi, wakati wa kuanza, huvuta mara 5 au 6 ya kiasi hicho kwa kitambo kidogo. Basi mota ya njia moja yaweza kuvuta zaidi ya ampea 200 kwa mara moja. Ndiyo sababu hata taa za jirani hufifia.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, mwenye karakana aandike orodha ya mashine zake zote, nguvu ya kila moja kama ilivyoandikwa kwenye kibati chake, na zile ziwashwazo pamoja. Aongeze na zile anazotumaini kununua baadaye. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, atafute fundi mwenye leseni ya EPRA, atazame kama nyaya na swichi za zamani zafaa. Fundi huyo pia atagawanya mashine za njia moja na taa katika nyaya zote tatu, ili waya mmoja usilemewe huku mingine ikikaa bure.

Tatu, apeleke maombi kwa kampuni ya Kenya Power. Kampuni huangalia kama nguzo za karibu zina njia tatu, na kama transfoma ina nguvu ya kutosha. Kwa hiyo ni busara kuuliza habari hiyo kabla ya kulipa kodi ya jengo jipya au kununua mashine.

HATARI ZAKE

Waya mmoja kati ya tatu ukikatika, mota iliyokwisha kuanza yaweza kuendelea kuzunguka kwa nyaya mbili, ikapata moto na kuungua. Kila mota yapasa kuwa na swichi ya kuilinda, ijizimayo jambo hilo litokeapo. Tena nyaya mbili zikibadilishana mahali, mota huzunguka kinyume. Kila baada ya matengenezo, mota ijaribiwe kwanza mkanda ukiwa umetolewa, kwani msumeno uzungukao kinyume waweza kumjeruhi mtu. Na volti 415 huua: waya wa ardhini usikosekane kamwe katika mashine yoyote.

Mwenye mashine moja ndogo hana haja ya gharama hii. Lakini yule ambaye swichi yake hujizima kila siku tayari analipa gharama: kwa mota zilizoungua, na kwa wateja waliochoka kungoja wakaenda kwingine.