Fyekeo peke yake halimalizi gugu karoti

Wiki hii nawaomba tutoke nje kidogo, tutazame kando ya barabara. Kila baada ya mvua, miji yetu huota manyasi: kwenye mifereji, viwanja vya shule, vituo vya mabasi na makaburini. Siku chache baadaye hupita vijana wenye mafyekeo, manyasi yanalala chini, nasi wakazi tunasema mji umependeza. Je, kazi imekwisha? La hasha. Kwa magugu mengine ndiyo kwanza imeanza.

Kwanza tujue mwenye dhamana ni nani. Mkazi akiona kichaka humlalamikia diwani, maana ndiye anayemfahamu. Lakini barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Halmashauri inabaki na masoko, bustani, makaburi na viwanja vya wazi, pamoja na sheria ndogo zinazomtaka mwenye nyumba au duka asafishe mbele yake. Hivyo ukanda mmoja wa majani, mfupi kama mtupo wa jiwe, unaweza kuwa na wenyewe watatu. Akifyeka mmoja na wawili wakangoja, mbegu za hao wawili zitamrudia.

Sasa tumtazame mgeni anayenufaika na mpango huo. Mwaka 2010 iliripotiwa kwamba gugu karoti limeingia Arusha. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na Kenya na Ethiopia lilikwisha kuwatangulia kuwasumbua. Majani yake yanafanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe, hata mtu anaweza kudhani ni pambo. Husafiri kwa matope ya magurudumu, kwa mchanga na kokoto za ujenzi, kwa nafaka chafu; ndiyo maana hupenda kuanzia barabarani kabla ya kuingia mashambani. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi, na kutoka kuota hadi kuchanua huchukua kama wiki nne hadi sita tu.

Shikeni hapo kwenye wiki hizo, kwani ndipo lilipo tatizo. Kazi ya kufyeka aghalabu hupimwa kwa mita za mraba, na hufanywa majani yakishakuwa marefu, yaani yakishaonekana na viongozi. Wakati huo gugu karoti limekwisha kuchanua. Fyekeo likipita linapukutisha mbegu, na shina lililobaki linachipua upya na kuchanua likiwa fupi, chini ya kimo cha fyekeo. Mkandarasi amefanya kazi yake kwa mujibu wa mkataba, fedha ya umma imelipwa, na mbegu zimepandwa vizuri kabisa!

Anayeumia kwanza ni yule kibarua. Gugu hili huwasha ngozi hadi kutoa malengelenge, na chavua yake huamsha mafua na pumu. Mwili ukishalikataa, kila unapoligusa tena hali hurudi. Hata hivyo utamkuta mama wa kikundi cha usafi akiling'oa kwa mikono mitupu, mtoto mgongoni. Glavu ndefu, gambuti na barakoa si anasa. Ng'ombe na mbuzi nao hulikwepa wakiweza; wakilila, maziwa huwa machungu. Kwa kuwa wanakula nyasi nzuri na kuliacha lenyewe, kiwanja kilicholishwa sana hugeuka kuwa shamba lake.

Wapo wanaosema, basi tupige dawa. Viuagugu vya glaifoseti huua kweli, lakini huua na ukoka, na kuacha udongo mtupu ambao gugu karoti linaupenda kuliko yote. Maji ya mifereji yetu nayo hufika kwenye bustani za mchicha. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliitaja dawa hiyo kuwa huenda husababisha saratani. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukaongeza kibali chake kwa miaka kumi. Wakubwa hawakubaliani. Ufaransa ilikwisha kupiga marufuku dawa za kemikali katika bustani na njia za umma tangu mwaka 2017, na kuanzia hapo halmashauri zake zinategemea palizi, matandazo na mimea ya kufunika ardhi.

Kwetu dawa iliyo rahisi ni kung'oa na mizizi yake, udongo ukiwa bado na unyevu, kabla ua la kwanza halijatoka, kisha kuuacha ukoka ufunike mahali pale. Tayari tunayo siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Hesabuni wenyewe: kutoka Jumamosi hiyo hadi nyingine ni wiki nne au tano. Kama mwenyekiti wa mtaa angeigeuza siku hiyo, msimu wa mvua, kutoka kufyeka kuwa kung'oa, miche mingi ingekutwa haijachanua. Ile iliyochanua isitupwe juu ya lori lililo wazi ikaenda kupukutika njia nzima hadi dampo. Ifungwe kwenye magunia palepale ilipong'olewa.