Madirisha Wazi Penye Baridi

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaopanda Karatu na Ngorongoro kati ya Juni na Agosti, kwa kazi au kwa matembezi, aghalabu hushangazwa na jambo moja: baridi inauma, ukungu umetanda, na dereva ameshusha kioo cha dirisha lake. Abiria hunung'unika. Ofisa aliyeketi mbele huamuru kifungwe mara moja. Yafaa ieleweke kwamba dereva huyo hana jeuri.

Kipupwe cha Visiwani ni cha pwani. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Huko vioo vya gari hupoa sana, ilhali pumzi za abiria zina joto na zimejaa mvuke. Mvuke huo ukigusa kioo hugeuka matone madogo, na kioo cha mbele hupofuka. Hewa ya nje, ijapokuwa ina ukungu, hubeba mvuke kidogo kuliko ya ndani kwa sababu ya ubaridi wake. Ikiingia, kioo hutakata. Tena, penye kona na ukungu sikio husaidia jicho: dereva husikia honi na mngurumo wa lori kabla hajaliona.

Liko na suala la uhai. Bomba la moshi likitoboka, kaboni monoksaidi huweza kupenya garini. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huleta maumivu ya kichwa, kulegea, na hatimaye mauti. Dirisha wazi hupunguza hatari, lakini dawa ya bomba bovu ni kulitengeneza. Aidha, vijidudu vya kifua kikuu huenea kwa hewa, na gari lililofungwa huwasaidia.

Wajibu basi ni wa pande zote. Wakuu wa idara wahakikishe kwamba mabomba, feni na hita za magari ya umma hukaguliwa kabla ya safari za nyanda za juu. Penye hita nzima, hewa ya nje ielekezwe kwenye kioo cha mbele, na dirisha liachwe upenyo tu. Wazee na watoto wakalishwe mbali na upepo. Nasi wa Visiwani tufungashe masweta. Baridi hutibiwa kwa koti; ajali ya ukingoni haina koti.