Kwa Nini Mwanzilishi wa Kampuni Hukataa Kuacha

Katika mitaa ya Lavington, nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia moja sasa zina meza za ofisi sebuleni. Baadhi ni za kampuni changa: vijana wawili watatu, kompyuta, na wazo ambalo bado halijaleta faida. Majirani huuliza kwa nini mtu mwenye shahada aache mshahara wa kila mwezi. Swali hilo si umbea, kwa maana nyuma ya kila mwanzilishi kuna mke au mume, wazazi, wadhamini wa sacco na wafanyakazi wanaotegemea uamuzi wake.

Pesa si sababu pekee. Januari 2008, Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiomba wenye ujuzi watengeneze ramani ya kuonyesha palipotokea ghasia za baada ya uchaguzi. Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao wakaijenga Ushahidi kwa siku chache. Hawakuwa wakitafuta faida. Waliona jambo linahitajika na hakuna aliyelifanya. Mwaka 2010, watu wa kundi hilo walisaidia kufungua iHub kwenye Barabara ya Ngong.

Wengine husukumwa na hamu ya kujitawala. Wengine hawakuacha kazi yoyote kwa sababu haikuwapo. Fundi wa Kawangware, ng'ambo tu ya Lavington, anayefungua kibanda kwa kukosa ajira huitwa mjasiriamali kwenye hotuba, lakini hesabu yake si ya yule aliyejiuzulu benki.

Wanaochagua wenyewe wana tabia moja inayojulikana sana: kujiamini kupita hesabu. Mwaka 1988, watafiti Cooper, Woo na Dunkelberg walichapisha majibu ya karibu wenye biashara 3,000 wa Marekani. Asilimia 81 walijipa nafasi ya kufaulu ya 7 kati ya 10 au zaidi, na thuluthi moja walijipa 10 kamili. Walipoulizwa kuhusu biashara nyingine zinazofanana na zao, hawakuwa na matumaini hayo. Hapa kwetu, utafiti wa KNBS wa 2016 ulikadiria kwamba biashara ndogo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka 5.

Bila kujiamini huko hakuna ambaye angeanza. Taabu ni kwamba ndiko huziba masikio. Robin Reecht, mwanzilishi wa Kune, alieleza hadharani kwamba siku chache baada ya kufika Kenya aliona ni vigumu kupata chakula kizuri cha bei nafuu. Wakenya walimjibu kwa kumtajia vibanda vyao. Kampuni ilipata mtaji wa dola milioni 1 mwaka 2021, na Juni 2022 ikafungwa. Bei ya chakula chake, takriban dola 3, haikutosha kuibeba. Wateja walikuwapo kwa maelfu, na wateja wa namna hiyo ndio humfanya mwanzilishi aamini kwamba mwezi ujao mambo yatakaa sawa.

Kuna pia aibu. Mtu akishaitwa mwenye kampuni kanisani na kwenye harambee, kufunga huonekana kama kufuta jina lake mwenyewe. Hapo ndipo wengi hukopa mara ya pili, na mkopo huo ndio unaofika nyumbani.

Familia ijue sheria inasemaje. Deni la kampuni yenye dhima yenye mipaka ni la kampuni, isipokuwa mwanzilishi ametia sahihi kulidhamini yeye binafsi. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya maandishi ya mume na mke wote wawili, naye anayeombwa sahihi ana haki ya kuelezwa kwanza anachokubali. Tangu 2017, sheria inaruhusu mashine na bidhaa kuwekwa dhamana badala ya hatimiliki ya shamba.

Mwenye kampuni inayofanya kazi ndani ya nyumba ya makazi anahitaji kibali cha biashara pamoja na idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi ya jengo. Na anayeamua kufunga asiishie kufunga mlango tu: kampuni ambayo haijafutwa rasmi kwenye sajili huendelea kudaiwa ripoti zake za kila mwaka.