Kupita na Kupenya: Ioni za Floridi katika Kioo

Mtu wa Mwera, wilayani Pangani, hana haja ya kamusi ili ajue tofauti ya kupita na kupenya. Njiani watu hupita. Katika ua wa makuti uliotoboka kuku hupenya. Kitenzi cha kwanza chataka njia iliyo wazi, na cha pili chataka upenyo mdogo na bidii ya mwenye kupenya. Tofauti hiyo yafaa sana katika jambo moja la fizikia ambalo ni rahisi kulieleza vibaya kwa neno «kupitisha» peke yake.

Mwaka 1975, huko Rennes, Ufaransa, Michel Poulain, Marcel Poulain, Jacques Lucas na wenzao walitangaza kioo kisichofanywa kwa mchanga, bali kwa floridi ya zirkoni iliyochanganywa na floridi za metali nyingine, kama bari. Kioo hapa si cha kujitazamia, wala si bilauri: ni yabisi ambayo chembe zake hazikujipanga safu kwa safu kama zilivyojipanga katika fuwele ya chumvi. Katika vioo vya namna hiyo zirkoni, yenye chaji nne, hushikwa mahali pake. Floridi, iliyo ndogo na yenye chaji moja tu, huruka kutoka kituo hata kituo. Joto likizidi, miruko huzidi upesi. Hata hivyo, kwa nyuzi 200 za Selsiasi, uwezo wa kioo hicho bado ni hafifu mno ukilinganishwa na wa maji ya bahari. Neno ioni lenyewe, alilolieneza Faraday mwaka 1834, latokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kwenda.

Basi, mwanafunzi akisoma kwamba kioo hiki «hupitisha umeme», atakifananisha na waya wa shaba, naye atakuwa amepotea kabisa. Elektroliti ya betri yapasa kuziruhusu ioni na kuzizuia elektroni, ili elektroni zizunguke nje, katika waya na taa. Shaba ikiwekwa mahali pa kioo, elektroni zitapita ndani, ioni hazitapata njia, na betri haitafanya kazi. Kwa hiyo ni bora kusema kwamba shaba hupitisha elektroni na kioo hupenyeza ioni. Mpinzani atakumbusha kwamba penye udhia hupenyezwa rupia, na kwamba neno hilo lina harufu ya magendo. Ni kweli; lakini maana ya kupita kwa siri penye kizuizi ndiyo hasa itakiwayo hapa.

Jambo hili lawahusu pia watu wa Mto Pangani. Mto huo hupata maji kutoka Kilimanjaro na Meru, na maji mengi ya pande za Meru yana floridi itokayo katika miamba ya volkeno, hata huharibu meno na mifupa. Kiasi chake hupimwa kwa elektrodi yenye fuwele ya floridi ya lanthani, iliyobuniwa na Frant na Ross mwaka 1966. Hiyo ni fuwele, si kioo, lakini kazi ni ile ile: floridi hupenya, na chumvi ya kawaida iliyomo majini hubaki nje. Mpimaji aliyefundishwa kwamba fuwele hiyo «hupitisha umeme» hawezi kueleza kwa nini chombo chake huijali floridi na kuiacha chumvi.