Kasha na Mnara: Upimaji wa Kaboni Dioksidi katika Mitaa ya Eastlands

Makala hii inanuia kulinganisha ala mbili zinazotumiwa kupima ubadilishanaji wa kaboni dioksidi baina ya ardhi na hewa. Mfano wetu ni mitaa miwili ya Eastlands, Nairobi: Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 ukiwa na nyumba za chini na viwanja vya nyasi, na Umoja, ambako maghorofa yamesongamana.

Ala ya kwanza ni kasha. Mtafiti huchomeka kitako chake udongoni, akalifunika, kisha akapima jinsi gesi inavyoongezeka au kupungua ndani yake kwa dakika chache. Kasha lisilopitisha mwanga huonyesha upumuaji wa udongo na mimea pekee. Lile liangavu huhusisha pia usanidinuru. Kasha ni rahisi kubeba, ila hutoa habari za kipande cha ardhi kisichozidi upana wa sinia. Matatu zipitazo Barabara ya Jogoo hazimo. Na penye saruji tupu, kasha halina pa kuchomekwa.

Ala ya pili ni mnara. Juu yake hufungwa anemomita ya mawimbi ya sauti na kichanganuzi cha gesi kitumiacho miale ya infraredi, ambavyo husoma mara 10 au 20 kwa sekunde. Iwapo hewa inayopanda ina kaboni dioksidi nyingi kuliko inayoshuka, eneo linatoa gesi. Kinyume chake, linafyonza. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) imetumia mnara wa aina hii katika nyika ya Kapiti, Kaunti ya Machakos. Mtaani, mnara hauna budi kuyapita mapaa kwa mbali, la sivyo utasoma misukosuko ya upepo ugongao kuta. Aidha, hewa ikitulia usiku, gesi hubaki chini na mnara hupunja hesabu, ilhali kasha huendelea kupima.

Tofauti hizi si za kiufundi tu. Mnara ukisimamishwa Kaloleni utachanganya pumzi za watu, majiko ya makaa, magari na miti katika tarakimu moja; mtu aweza kudai kwamba nyasi zile hazina faida. Kasha likitumiwa peke yake, mwingine atadai kwamba bustani ndogo imefuta moshi wa mtaa mzima. Madai yote mawili hayana mashiko. Kwa hivyo, kabla ya kiwanja kujengwa au kuhifadhiwa kwa hoja ya tarakimu, sharti tuulize: ilipimwa kwa ala gani, saa ngapi, na upepo ulivuma kutoka wapi?