Hifadhi ya koala: misitu au ajira?

Serikali ya jimbo la New South Wales nchini Australia, yenye makao yake mjini Sydney, ilitangaza Septemba 2025 mpango wa kuziongezea hifadhi zilizopo hekta 176,000 za misitu ili kumnusuru koala, mnyama aishiye juu ya mikaratusi. Uchunguzi wa bunge la jimbo ulikwishaonya mwaka 2020 kuwa huenda akatoweka huko kabla ya 2050.

Kwa upande wa pili, ukataji miti ulisimamishwa, na takriban ajira 300 za viwanda vya mbao zimo hatarini.

Hata hivyo, kuchora mpaka hakutoshi. Hifadhi ya Royal, iliyoundwa kusini mwa Sydney mwaka 1879, iliteketea sehemu kubwa mwaka 1994. Ulinzi dhidi ya moto wahitaji fedha kila mwaka.