Watoto wa Pwani Wasioijua Bahari Yao

Shule nyingi za bara zijapo Pwani huizuru Fort Jesus, zikapiga picha ufuoni, zikaondoka. Za Pwani nazo hupanda basi kwenda Nairobi kutazama simba. Baina ya safari hizo mbili husahaulika darasa lililo wazi tangu mwaka 1968, zilipoanzishwa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu.

Muhula uliopita niliandamana na binti yangu na wanafunzi wenzake wa Gredi ya Tano kwenda Malindi, nikiwa miongoni mwa wazazi walioombwa kuwasaidia walimu. Nchi nyingine hujenga matangi makubwa ya kioo, samaki wakatiwa ndani, watoto wakatazama kutoka nje. Hapa kwetu kioo kimo sakafuni mwa mashua, na samaki ndio walio huru.

Mwalimu alikuwa amejiandaa. Aliuliza: tumbawe ni jiwe, mmea, au mnyama? Mashua nzima ikajibu, "Jiwe!" Akawaeleza kwamba ni mnyama mdogo ajijengeaye nyumba ya chokaa, na kwamba sehemu kubwa ya rangi na chakula chake hutokana na viumbe vya jamii ya mwani, vidogo mno, viishivyo mwilini mwake kama wapangaji wema. Maji yakizidi joto, huwafukuza wapangaji hao, akabaki mweupe. Joto likidumu, hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, baada ya El Niño, matumbawe mengi ya Pwani yetu yalipoangamia. Kisha akapita pono, na watoto wakaangua kicheko walipoambiwa kwamba sehemu ya mchanga mweupe waliouchezea asubuhi ni kinyesi chake. Sidhani kuna atakayelisahau somo hilo.

Hata hivyo, aliyenivutia zaidi ni nahodha. Kitabu cha mwalimu kilikuwa na majina ya samaki kwa Kiingereza; nahodha aliyajua kwa Kiswahili: kitatange, tasi, changu, chewa. Mwalimu, kwa uungwana, akakifunga kitabu chake, akawa anayaandika majina hayo pamoja na wanafunzi. Ni walimu wangapi wangekubali kuketi hivyo, mbele ya darasa lao, wakafunzwa na mtu asiye na cheti?

Lakini watoto tisa hawakuwemo. Wazazi wao hawakumudu fedha za basi na mashua. Wawili kati yao ni wana wa wavuvi. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvua kabisa, na sheria hiyo naiunga mkono. Ila tazama, ewe msomaji, jinsi mambo yalivyokaa: baba ameambiwa asitie wavu humo ili samaki wazaane, na mwanawe hana nauli ya kwenda kuwaona hao waliozaana. Jumatatu iliyofuata darasa zima liliagizwa kuandika insha, "Ziara Yetu Baharini". Wale tisa nao pia.

Siwalaumu walimu kwa bei ya mafuta. Nasema tu kwamba mtaala wa umilisi unahimiza mtoto ajifunze kwa kutenda, na kutenda huko kusikomee kwa mwenye kulipa. Mchango waweza kukusanywa kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, na fungu la wasiojiweza litengwe kabla ya kununuliwa soda. Kwa shule zilizo karibu na ufuo, hata mashua si lazima. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Maji hupwa sana, na miambani hubaki vidimbwi vyenye kaa, samaki wadogo na jongoo bahari. Watoto wataweza kutembea kwa miguu, wakichunga wasikanyage matumbawe hai, na mzazi mvuvi akaalikwa awe mwalimu wa siku hiyo. Tarehe za bamvua zaweza kuhesabiwa na kuandikwa ubaoni siku ile ile shule zinapofunguliwa.